Nembo Isiyomsumbua Mchapaji: Mwongozo Kamili wa Kubuni Utambulisho wa Biashara na Kuukabidhi kwa Mteja

Ujumbe ninaoupata mara nyingi kutoka kwa wabunifu wachanga wa hapa Mwanza huwa hivi: "Kaka, mteja aliipenda nembo, akalipa, sasa amerudi amenuna. Bango limetoka zambarau, fulana hazisomeki, na mchapaji anasema faili halifunguki." Halafu inafuata picha ya nembo yenyewe, na huwa nzuri kweli. Kwenye kioo cha simu.

Kipaji wanacho. Wanakosea kwa kubuni kitu cha kutazamwa kwenye kioo, wakati nembo ya biashara za huku kwetu inaishi mikononi mwa watu wengine: fundi wa fleksi (turubai la plastiki la mabango), kijana wa skrini za fulana, dada wa mashine ya kudarizi, mzee anayechora mabango kwa brashi na kopo la rangi. Kipimo changu ni kimoja tu: je, hao wote wanaweza kuifanya kazi bila kukupigia simu?

Nitatembea na mteja mmoja wa mfano mwanzo hadi mwisho. Ni mama anayefungasha dagaa wakavu karibu na soko la Mwaloni, Kirumba, anauza mjini na kupeleka Geita na Shinyanga. Biashara yake tuiite Taa Dagaa. Jina nimelitunga.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kompyuta yenye RAM ya GB 8. Kwa nembo inatosha kabisa.
- Programu ya vekta, yaani ya kuchora kwa mistari inayokuzwa bila kupasuka: CorelDRAW, Illustrator, au Inkscape ambayo ni ya bure. Photoshop iache pembeni. Ni ya picha.
- Daftari, penseli, na makapeni nyeusi yenye ncha nene.
- Rula ya sentimita.
- Fonti zenye leseni inayoruhusu biashara. Zilizoko Google Fonts zinatosha, na nyingi zimetolewa kwa leseni huria.
- Printa ya nyeusi na nyeupe, au steshenari ya jirani.
- Mkataba wa ukurasa mmoja.
- Fleshi mbili. Moja ya mteja, nyingine ya kwako. Usiniulize kwa nini mbili mpaka siku ya kwanza fleshi ikufie mkononi.

## Hatua ya 1: Mfuate mteja kazini kwake

Usimhoji mteja kwa simu. Nenda. Ukikaa nusu saa kwenye banda la dagaa utaona mambo ambayo yeye hawezi kukwambia kwa sababu ameshayazoea: kwamba mifuko hupangwa imelala, kwamba wateja wa jumla humtambua kwa ndoo, kwamba vijana wa kupakia hawana sare na kila siku wanachanganywa na wa jirani.

Swali la kwanza usiulize "Unapenda rangi gani?" Uliza: "Nembo hii itabandikwa wapi, na nani ataibandika?" Kwa mama yetu orodha ilitoka hivi:

- stika kwenye mfuko mwangavu wa gramu 250
- fulana za vijana wanne
- bango la dukani
- ubavu wa mtumbwi wa mdogo wake
- muhuri wa risiti
- picha ya wasifu ya WhatsApp
- mifuko ya kubebea

Hiyo ya mwisho ina jambo lake. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo mteja wako atachapisha kwenye ile mifuko mbadala inayofanana na kitambaa. Hiyo huchapwa kwa skrini, ile fremu ya wavu inayopitisha wino, na kwenye skrini kila rangi ina skrini yake na gharama yake. Hapo tayari umejua kwamba nembo yenye rangi tano itamfilisi.

Tahadhari: mteja akikuonyesha nembo ya kampuni kubwa akasema "nataka kama hii", usikatae na usikubali. Muulize ni kitu gani ndani yake kinamvutia. Mara nyingi atajibu "inasomeka kwa mbali" au "imekaa kistaarabu". Hilo unaweza kulifanyia kazi bila kuiba.

Utajua umefanikiwa ukiondoka na orodha ya mahali nembo itakapokaa, pamoja na kipimo cha mahali padogo kuliko pote. Kwa Taa Dagaa ni muhuri: milimita 16 kwa upana.

## Hatua ya 2: Andikeni makubaliano, hata kama ni shangazi yako

Ukurasa mmoja unatosha. Andika vitu vitakavyotengenezwa, bei, tarehe, na idadi ya marekebisho. Mimi natoa raundi tatu. Ya nne inalipiwa. Malipo ya awali ni nusu, na nusu iliyobaki hulipwa kabla mafaili ya vekta hayajatoka mkononi mwangu.

Kifungu kinachookoa urafiki ni hiki: *mwenye kauli ya mwisho ni mtu mmoja, na jina lake ni hili.* Usipokiandika, utafika siku ya kuwasilisha ukute kaka wa mteja, mchungaji, na mtoto aliye kidato cha nne, kila mmoja na rangi yake.

Andika pia nani atamiliki kazi baada ya malipo kukamilika, na kama wewe unaruhusiwa kuionyesha kwenye kazi zako. Mambo haya huzungumzika kirahisi kabla ya pesa kuliko baada yake.

## Hatua ya 3: Hakiki jina kabla hujachora herufi hata moja

Wengi wanairuka hatua hii, kisha wanarudia kazi yote.

Jina la biashara na alama ya biashara ni vitu viwili tofauti. Vyote kwa Tanzania Bara husajiliwa BRELA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni), lakini cheti cha jina la biashara hakimpi mteja ulinzi wa nembo yake. Alama ya biashara au huduma ikisajiliwa hulindwa miaka 7 ya mwanzo, kisha huhuishwa kwa vipindi vya miaka 10. Husajiliwa kwa madaraja ya bidhaa. Yako 45: samaki waliokaushwa wako daraja la 29, mgahawa daraja la 43. Mwenye nembo moja ya dagaa na ya mgahawa anahitaji yote mawili.

Kazi yako hapa si kumsajilia. Ni kumwambia atafute kama jina lipo, na kumsubiri ajibu. Ukichora wiki tatu kisha jina likakutwa lina mwenyewe, hasara ni ya wote wawili, ila lawama itakuwa yako peke yako.

## Hatua ya 4: Chora kwa mkono, nyeusi tupu

Funga kompyuta. Chora michoro 30 midogo, kila mmoja usizidi ukubwa wa kidole gumba, kwa makapeni nene. Unene wa ncha ndiyo faida: huwezi kuchora vitu vidogo vidogo hata ukitaka.

Michoro kumi ya kwanza itakuwa ile ambayo kila mtu Mwanza angeichora. Samaki. Jiwe la Bismarck, lile maarufu la ziwani. Samaki juu ya jiwe la Bismarck. Itoe kichwani, usiidharau, endelea. Kitu chenye uhai huanza kujitokeza kwenye ya kumi na tano hivi.

Kwa mama yetu, sangara ni kosa la wazi: yeye hauzi sangara, na mnunuzi wa Kanda ya Ziwa hawezi kudanganyika. Hata kumchora dagaa mwenyewe hakuna maana, kwa sababu mfuko ni mwangavu na dagaa wanaonekana wenyewe. Nikarudi kwenye kazi yenyewe. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi mingi hukaa. Zamani taa hizo zilikuwa karabai, na siku hizi nyingi ni za betri na sola, lakini umbo la karabai linajulikana kwa kila aliyelala karibu na ziwa hili. Nusu duara la mwanga, chini yake mistari mitatu ya maji. Basi.

Sasa upime mchoro uliouchagua, kabla ya kompyuta:

Upunguze ufike milimita 16. Upeleke steshenari ukatolewe kopi, kisha kopi ya ile kopi, kisha kopi ya tatu. Maji yale yalikuwa mistari mitano mwanzoni. Kwenye kopi ya tatu yakawa doa. Nikabakiza mitatu, nikaongeza nafasi katikati yake.

Utajua umefanikiwa mtu asiyehusika, mwenye bodaboda pale nje kwa mfano, akiitazama ile kopi ya tatu na kuitaja ni nini bila wewe kumsaidia.

## Hatua ya 5: Ihamishie kwenye vekta

Picha ya kawaida ni vidoti, ukiikuza inapasuka. Vekta ni hesabu ya mistari, inakua kutoka muhuri hadi ukuta bila kupoteza kitu. Hii ndiyo sababu pekee ya msingi, na inatosha.

Chora upya kwa mkono juu ya picha ya mchoro wako. Usitumie kitufe cha kufuatisha picha chenyewe. Kinakupa umbo lenye nodi (vidoti vinavyoshika mstari) mia nne mahali ambapo nodi kumi na mbili zingetosha, na plota ya kukatia stika ikifika hapo inatetemeka kama mtu mwenye homa. Ukingo unatoka na meno.

Vipimo ninavyovishika:

- Nembo ikiwa na upana wa milimita 20, mstari mwembamba kuliko wote usipungue milimita 0.35.
- Kwenye kudarizi, mstari usiwe chini ya milimita 1, na herufi zisiwe fupi kuliko milimita 5. Uzi una unene wake, haujali ubunifu wako.
- Nafasi kati ya maumbo iwe sawa na unene wa mstari mwembamba, au zaidi. Wino hutanuka.

Mwisho, geuza mistari yote iwe maumbo kamili. Mstari ulioachwa kama mstari unaweza kubaki na unene uleule nembo inapokuzwa, ukajikuta na karabai kubwa yenye ukingo wa uzi.

Utajua umefanikiwa ukiitazama kwa mwonekano wa mifupa, ile hali isiyo na rangi, ukaona mistari michache safi isiyopandana.

## Hatua ya 6: Rangi, panapoua wengi

Nianze na aibu yangu. Mwaka wangu wa pili kazini nilimbunia mwenye saluni moja nembo ya bluu inayong'aa, bluu ya kioo kabisa. Bango likatoka zambarau. Nikaenda kugomba kwa mchapaji mbele ya wateja wake. Akanisikiliza, akafungua faili langu, akanionyesha namba. Mashine ilikuwa imechapa nilichoandika.

Kioo hutengeneza rangi kwa mwanga: nyekundu, kijani na bluu. Hiyo huitwa RGB. Mashine hutengeneza rangi kwa wino nne: siani (bluu ya samawati), majenta (waridi kali), njano na nyeusi, yaani CMYK. Zipo rangi ambazo mwanga unaziweza na wino hauziwezi, hasa bluu kali, kijani cha kung'aa na rangi ya machungwa inayowaka. Ukibuni kwa RGB ukampa mchapaji, programu yake inakisia. Na bluu kali hukisiwa kwa siani nyingi na majenta nyingi, ambazo zikikutana ni zambarau.

Dawa: kwenye bluu yoyote, majenta iwe chini ya siani kwa pointi 30 au zaidi. Bluu ya Taa Dagaa, kwa asilimia za wino, ni siani 100, majenta 60, njano 0, nyeusi 20. Kwa kioo nikaanzia #0052CC. Njano ya taa ni siani 0, majenta 35, njano 95, nyeusi 0, na kwenye kioo #FFA60D. Andika zote mbili, ya wino na ya kioo, kwa kila rangi. Kumwambia mchapaji "bluu ya ziwa" ni kumwachia achague ziwa la saa ngapi.

Rangi mbili, pamoja na nyeusi na nyeupe. Usiongeze. Na mpito wa rangi, ile ya bluu kufifia hadi nyeupe, acha kabisa kwenye nembo. Skrini haiwezi, muhuri hauwezi, uzi hauwezi, mzee wa brashi ataweza ila atakuchaji.

Mambo matatu madogo yanayokuja kuwa makubwa:

Jua. Pita barabara ya Nyerere utazame mabango ya zamani. Nyekundu imekwisha, bluu imebaki. Wino wa majenta na njano huchoka mapema juani. Jina la biashara likiwa jekundu juu ya bango la nje, baada ya muda mteja atakuwa na bango lisilo na jina. Kwa hiyo jina la Taa Dagaa ni la bluu, na taa ndiyo ya njano. Ikififia taa, jina lipo.

Nyeusi ya maandishi madogo. Iwe nyeusi 100 peke yake. Ukichanganya wino zote nne, karatasi ikisogea kidogo mashineni herufi zinapata kivuli cha rangi.

Msimbo wa mistari. Kama mteja ana namba ya bidhaa (zinazotolewa hapa nchini huanzia 620), mistari yake iwe nyeusi juu ya nyeupe. Usiipake nyekundu wala rangi ya machungwa ili ifanane na nembo. Skana nyingi husoma kwa mwanga mwekundu, na kwa mwanga huo mistari myekundu haionekani.

Utajua umefanikiwa ukichapisha kipande kidogo cha rangi zako kwenye karatasi, kwenye fleksi na kwenye kitambaa, ukaviweka pamoja nje kwenye mwanga wa mchana, vikaonekana ndugu. Pacha hawatakuwa. Ndugu wanatosha. Vipande hivyo usivitupe. Utavihitaji hatua ya 9.

## Hatua ya 7: Fonti, na ile alama ndogo ya ng'

Chagua fonti moja ya jina na moja ya maandishi mengine. Soma leseni. Fonti iliyoandikwa "matumizi binafsi" haifai kwa mteja hata kama umeipakua bure.

Kisha andika maneno haya kwa fonti hiyo: *ng'ombe, Ng'wanza, 0, O, 1, l, 7*. Usukumani hapa majina yenye ng' ni mengi, na fonti nyingi za mapambo huiharibu. Alama ya ng' inatakiwa ipinde kama namba 9 ndogo iliyopaa. Kompyuta hupenda kuweka kijiti kilichosimama, au mbaya zaidi kuigeuza kama 6. Kwenye risiti hakuna atakayejali. Kwenye bango la mita tatu, jina la ukoo wa mtu likiwa na alama iliyogeuka, ataona yeye, na watoto wake wataona.

Namba nazo zina uzito, kwa sababu kwenye bango la Mwanza kinachosomwa sana ni namba ya simu. Kama 1 inafanana na l, au 0 imebanwa ikawa kama 8, badili fonti.

Kwa bango la barabarani natumia kanuni hii: herufi yenye urefu wa sentimita 2.5 husomeka vizuri kutoka mita 3. Barabara ikiwa mita 15 kutoka bango, namba ya simu iwe na sentimita 12 au 13.

## Hatua ya 8: Wasilisha ana kwa ana

Onyesha wazo moja. Ukiwa huna uhakika, mawili. Ukimpa mteja nembo tano ataomba kichwa cha ya kwanza, miguu ya tatu, na rangi ya jirani yake.

Usitume kwa WhatsApp kwanza. Nenda na karatasi tatu zilizochapwa: nembo nyeusi peke yake, nembo yenye rangi, na nembo ikiwa kwenye vitu vyake mwenyewe. Piga picha banda lake, mfuko wake, mtumbwi, uweke nembo juu yake. Picha za vikombe vya kahawa mlizopakua mtandaoni hazimhusu muuza dagaa.

Mazungumzo huenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea?"

Unaweka karatasi ya kwanza.

"Mbona nyeusi? Mimi nilisema bluu."

"Bluu inakuja mama. Kwanza niambie, hapo unaona nini?"

Anaisogeza, anairudisha. "Karabai hii. Na maji." Anacheka kidogo. "Ila samaki umemficha wapi?"

"Si yumo kwenye mfuko mama? Mteja anamwona kabla hajaona stika."

Hapo nyamaza. Kimya kile kinauma, lakini kinafanya kazi. Mwache afike mwenyewe. Na ukiuliza kitu, usiulize "umeipenda?" kwa maana jibu litakuwa la moyo wa siku hiyo. Uliza: "Mteja wako wa Geita akiona mifuko kumi imepangwa, ataujua wako?"

Tahadhari: akisema "ngoja nikaonyeshe nyumbani", kubali, lakini mwachie karatasi badala ya kumtumia picha. Picha ya WhatsApp ikifika kwenye kundi la ukoo, utapata maoni ya watu wa Bukoba ambao dagaa wa mama hawajawahi kuwaona. Pia zipo nembo zilizochapishwa kutoka picha hizohizo kabla kazi haijakwisha.

Utajua umefanikiwa akisaini kwenye karatasi ya pili, pamoja na tarehe. Ipige picha.

## Hatua ya 9: Panga mafaili kama unampa mtu asiyekujua

Haya ndiyo makabidhiano yenyewe. Folda nne:

01_KUCHAPA. PDF na EPS za vekta, rangi za CMYK, na SVG ambayo yenyewe hubeba RGB; kwenye zote herufi zimegeuzwa kuwa kurva, yaani maumbo yasiyohitaji fonti. Usipozigeuza, kompyuta isiyo na fonti yako itaweka fonti yake, na Taa Dagaa itatoka kama tangazo la mnada. Kama unatumia CorelDRAW, ongeza CDR iliyohifadhiwa kwa toleo la zamani; maduka mengi niliyofanya nayo kazi hayana toleo jipya, na toleo la zamani halifungui faili jipya.

02_SIMU_NA_MTANDAO. PNG isiyo na mandharinyuma, upana pikseli 2000, rangi za RGB. Pia JPG yenye mandhari nyeupe. Na picha ya wasifu: mraba wa pikseli 1000, nembo yote ikiwa ndani ya pikseli 700 za katikati, kwa sababu WhatsApp hukata pembe kuwa duara.

03_RANGI_MOJA. Nyeusi tupu, na nyeupe tupu. Hii ni ya muhuri, skrini na stika za kukata.

04_MWONGOZO. PDF ya kurasa nne. Wabunifu wanapenda kutengeneza kurasa arobaini. Hakuna mchapaji wa Mabatini atakayezisoma. Ukurasa wa 1 ni nembo na nafasi ya kuiachia pembeni. Wa 2 ni namba za rangi, na chini yake bandika kwa gundi vile vipande vya hatua ya 6 kwenye nakala moja ya karatasi. Wa 3 ni fonti na mifano mitatu ya makosa. Wa 4 ni wa mzee wa brashi.

Huo wa 4 nauelezea kwa sababu sijaona mwingine akiutoa. Ni nembo imewekwa juu ya miraba, 10 kwa upana. Mchoraji anachora miraba 10 ukutani kwa chaki na kunakili mraba kwa mraba. Nembo ikitakiwa kuwa na mita 2, kila mraba ni sentimita 20. Ubavu wa mtumbwi wa sentimita 80, kila mraba ni 8. Hahitaji kompyuta, hahitaji umeme, na karabai haitoki kama sufuria.

Majina ya mafaili yawe ya kueleweka: *TaaDagaa_bluu_kuchapa.pdf*. Ukiandika *final_mpya_final2* utaulizwa mpaka uzeeke.

Kwa kadi za biashara na vipeperushi, ongeza milimita 3 za rangi kila upande kwa ajili ya kukatwa. Kadi ya milimita 85 kwa 55 faili lake ni 91 kwa 61. Pasipo hizo, kisu kikiteleza kidogo kinaacha uzi mweupe pembeni.

Utajua umefanikiwa hivi: mpe rafiki fleshi, asiwe mbunifu. Mwambie aende duka la uchapaji usilolijua, Igoma au Nyegezi, akachape stika moja. Wewe kaa nyumbani. Simu yako isipolia, uko tayari.

## Hatua ya 10: Kabidhi, kisha rudi

Malipo yamekamilika? Toa fleshi, folda ya Google Drive, na karatasi za mwongozo. Kaa na mteja dakika ishirini, umfundishe jambo moja: faili la kuchapa litumwe WhatsApp kama hati, kamwe lisitumwe kama picha. Likitumwa kama picha linabanwa, na mchapaji anapokea kivuli chake. Mwambie amtumie mtu mbele yako, uone kama ameelewa. Kama simu ni ya mwanawe, mfundishe mwanawe.

Andikeni mistari mitatu ya makabidhiano: nini kimetolewa, tarehe, sahihi mbili.

Baada ya wiki mbili pita dukani bila taarifa, na vipande vyako vya rangi mfukoni. Viweke juu ya bango, juu ya stika, juu ya fulana. Safari ya kwanza kwa mama wa dagaa nilikuta bango liko sawa, mtumbwi uko sawa, ila kwenye fulana za bluu kijana wa skrini alikuwa amechapa nembo ya bluu. Kosa langu: ukurasa wa 3 haukusema kwamba juu ya kitambaa cha rangi hutumika nembo nyeupe.

Kwa hiyo mchapaji akikupigia, usimjibu kwa mdomo tu. Andika swali lake, ongeza jibu kwenye mwongozo, badili tarehe iliyoko chini ya ukurasa, mtumie mteja PDF mpya siku hiyohiyo, na umwambie aifute ile ya zamani.